Propela Imezama Kibirizi: Sumaku, Nanga ya Makucha au Mzamiaji?

Propela ikichomoka kwenye mashine ya boti pale Kibirizi, ushauri hufika kabla maji hayajatulia. Mmoja anataka sumaku. Wa pili anasema kokota na nanga. Wa tatu ameshamwita kijana anayejua kuzama, na kijana ameshavua shati. Wote watatu wanaweza kuwa sahihi, lakini si kwa kitu kimoja wala kwa mahali pamoja. Ndiyo maana nimeona niziweke njia hizi bega kwa bega, kwa kuangalia maji yetu ya Kigoma kuanzia Kibirizi na bandarini hadi Katonga, Bangwe na Ujiji, ili nahodha au mwenye boti aamue kabla hajaingiza mtu majini.

Msimamo wangu nausema mapema. Kinachoamua njia ni madini ya kitu kilichozama, hali ya chini pale kilipoangukia, na kina cha maji. Kifaa ulichonacho mkononi kinafuata nyuma ya hayo matatu. Watu wengi hufanya kinyume: wana sumaku, basi wanatupa sumaku kutwa nzima wakitafuta kitu ambacho sumaku haiwezi kukishika hata ikikilalia juu.

Kabla ya njia yoyote, weka alama

Boti haitulii. Hata likiwa limetia nanga, linazunguka na upepo, na mtu anayesema "ilidondoka hapa hapa" anaonyesha mahali boti lilipo sasa, si lilipokuwa wakati kitu kinazama. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kutupa alama papo hapo: dumu tupu la lita 5, kamba, na jiwe. Madumu hayakosekani kwenye boti. Kamba izidi kina kwa mita moja au mbili tu, kwa sababu ikizidi sana dumu litasukumwa mbali na jiwe lake na alama itakudanganya.

Halafu chukua alama za nchi kavu, kama wavuvi wanavyofanya wanaporudi kwenye nyavu zao. Tafuta vitu viwili vilivyopangana mstari mmoja, kwa mfano mwembe wa ufukweni na mnara wa simu ulioko kilimani nyuma yake. Kisha geuza shingo upande mwingine utafute jozi ya pili. Mistari hiyo miwili ikikatana kama pembe ya meza, una mahali pako, na hapahami hata dumu likiibwa usiku. Simu nayo ipige alama kwenye ramani, ila ukumbuke kwamba inaweza kukosea kwa mita kadhaa, na mita kadhaa ni nyingi kwa mtu anayetafuta kitu cha ukubwa wa sahani.

Jambo moja zaidi kuhusu kuanguka. Nanga ya chuma au spana nzito hushuka karibu wima. Propela haishuki hivyo. Mabawa yake hukata maji, ikayumba na kuteleza upande, na kwenye maji ya mita 10 inaweza kutua mbali na pale ilipozamia. Nati hufuata njia yake yenyewe. Kwa hiyo msako uanze kwenye alama, kisha upanuke kwa mzunguko. Usianze kwa kubahatisha pembeni.

Kitu chako kimetengenezwa kwa nini?

Swali hili ndilo linaloangusha wengi. Propela nyingi za mashine zetu za boti ni za alumini. Nyingine, za bei ya juu, ni za stenlesi. Sumaku haishiki alumini kabisa. Stenlesi nyingi zinazotumika kwenye vyombo vya majini nazo sumaku huzishika kwa udhaifu mkubwa au haizishiki. Shaba haishikwi. Nati ya propela na pini zake mara nyingi ni za shaba au stenlesi, kwa hiyo hata hizo ndogo ambazo mtu angezitamani zaidi kwa sumaku huwa haziji.

Sumaku inashika chuma cha kawaida: nanga ya nondo iliyochomelewa na fundi wa Mwanga, hapa Kigoma mjini, mnyororo, spana, nyundo, panga, bolti za kawaida, pipa la mafuta. Mashine nzima ya boti ina chuma ndani yake, kama shafti, gia na krankishafti, lakini kimefunikwa na ganda la alumini, na sumaku hupoteza nguvu haraka sana ikitenganishwa na chuma hata kwa sentimita moja.

Huna haja ya kukisia. Kabla ya kununua au kuazima sumaku, nenda kwa fundi mwenye kifaa pacha cha kile kilichozama, ukiguse kwa sumaku ndogo. Ikishika kwa nguvu, endelea. Ikiteleza, umeokoa siku nzima.

Maji yetu si ya baridi, ila yana mambo yake

Anayetafuta ushauri wa jambo hili mtandaoni atakuta mwingi umeandikwa na watu wa bandari za baridi, kama za Norway, Kanada au kaskazini mwa Marekani. Kwao adui wa kwanza ni baridi yenyewe. Mtu akiingia kwenye maji ya chini ya nyuzi 15, mwili hushtuka na kuvuta pumzi kwa nguvu bila hiari yake, na hapo hapo anaweza kumeza maji. Kwenye maji yanayokaribia kuganda, wanafundishwa kwamba una kama dakika 1 ya kutuliza pumzi, dakika 10 ambazo mikono bado inakutii, na kama saa 1 kabla hujapoteza fahamu. Kwa hiyo wao wanasubiri majira ya joto, wanavaa suti zisizoingiza maji, na wanapendelea sumaku na ndoano ili mtu asiguse maji kabisa. Kwao ni busara tupu.

Ziwa Tanganyika ni jingine. Maji ya juu huwa nyuzi 24 hadi 28 hivi kwa mwaka, na hata chini kabisa hayashuki sana, yanabaki nyuzi 23 na kitu. Mtu anaweza kuzama Katonga bila suti na vidole vyake vikaendelea kufungua nati. Hilo ndilo linalofanya mzamiaji awe chaguo la karibu zaidi kwetu kuliko kwao. Hata hivyo maji hunyonya joto la mwili kwa kasi kubwa kuliko hewa, na kijana aliyekaa humo saa nzima atatetemeka, na akitetemeka pumzi yake inakuwa fupi. Mtoe, ajifunike, anywe chai.

Hatari zetu ziko kwingine. Ya kwanza ni kina. Hili ni ziwa la pili kwa kina duniani baada ya Baikal la Urusi. Kina chake kikubwa kabisa, upande wa kusini, kinafika mita 1,470, na hata upande huu wa kaskazini tunaouangalia kutoka Kigoma kinapita mita 1,200. Ufuko wake sehemu nyingi hauteremki polepole. Unaweza kusimama maji ya kiunoni, na safari fupi ya kasia mbele usipate chini kwa kamba uliyonayo. Kwa hiyo pima kwa kamba yenye jiwe kabla ya kuchagua chochote. Usipime kwa macho, maana maji haya ni angavu, kuna siku unaona chini ya mita 10 kama iko mita 4.

Ya pili ni kimo. Uso wa ziwa uko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na hilo linamhusu sana mzamiaji wa mtungi, nitarudi kwake. Ya tatu ni kichocho, ambacho kipo kwenye fukwe zenye majani na konokono. Ya nne ni mamba, hasa karibu na midomo ya mito kama Luiche, kusini mwa Ujiji, na Malagarasi. Na kwenye mawe yupo swila wa maji, nyoka mwenye sumu anayekula samaki. Kwa kawaida humkwepa mtu, lakini mkono usiingizwe kwenye tundu la mwamba bila kuangalia.

Sumaku

Sifa yake ni kwamba hakuna anayelowa. Mtu mmoja juu ya boti au kwenye gati anaitosa, anaivuta polepole, anaisafisha, anaitosa tena. Kwenye tope inashinda njia nyingine zote kwa vitu vya chuma, kwa sababu mzamiaji akigusa tope maji yanakuwa kama uji na haoni hata saa yake, wakati sumaku haihitaji kuona.

Kasoro ni nyingi. Uzito unaoandikwa kwenye boksi, kilo 200 au 300, umepimwa kwenye bamba nene la chuma safi lililo bapa, likavutwa wima. Nanga yenye kutu na umbo la mviringo itakupa sehemu ndogo tu ya nguvu hiyo. Sumaku zinazong'olewa kwenye spika kuukuu ni dhaifu mno kwa kazi hii, zitaleta misumari na vizibo vya soda. Inayofaa ni ile ya neodimiamu, aina ya sumaku yenye nguvu kubwa kwa ukubwa wake, yenye tundu la bolti la kufungia kamba. Ya kushusha wima kati ya mawe iwe na uso chini, na ya kukokota iwe na nyuso mbili pembeni. Iweke mbali na simu, na vidole visikae kati yake na chuma kingine, maana inabana vibaya.

Kwenye ukingo wa bandari kuna tatizo la ziada: chini kumejaa vyuma vya miaka mingi. Sumaku itashika kila kitu isipokuwa ulichokuja kutafuta, na ikishika nguzo au mnyororo mkubwa inaweza isirudi.

Nanga ya makucha

Hii ndiyo ninayoipenda kwa vitu vikubwa, na inashangaza jinsi watu wanavyoidharau kwa sababu ipo tayari kwenye boti na haikununuliwa jana. Nanga ndogo ya makucha manne, kipande cha mnyororo mbele yake ili ilale na kukwangua chini badala ya kuruka, na kamba yenye urefu mara mbili au tatu ya kina. Kitu chochote chenye mkono, tundu, kamba au mnyororo kitanaswa: mashine nzima, nanga nyingine, nyavu, usukani, fremu ya taa za dagaa. Na haijali kama ni alumini, shaba au mbao.

Ufundi uko kwenye mpangilio. Usizunguke ovyo. Kokota kwa mistari iliyo sambamba, ukianzia nje ya alama na kuipita, kisha rudia eneo lile lile kwa mistari inayokatisha ile ya kwanza. Makasia ni bora kuliko mashine hapa, kwa sababu mkono ulioshika kamba unatakiwa uhisi. Jiwe hukwaruza na kutetema. Tope huvuta kwa ulaini. Mashine ya boti huja kama uzito uliolala, unasogea kidogo, unakataa, unasogea tena. Ukiipata, usiinyanyue kwa pupa. Funga kamba, leta boti juu yake kabisa, ndipo uvute wima.

Kwenye mawe ya Bangwe na fukwe za kusini mwake, nanga itanasa na unaweza kuipoteza nayo pia. Wavuvi wana dawa yake. Kamba kuu inafungwa kitakoni mwa nanga, pale makucha yanapokutana, kisha inalazwa kando ya shina na kubanwa kwenye pete ya juu kwa uzi mwepesi. Ikinasa, unavuta kwa nguvu, uzi unakatika, na nanga inatoka kwa kurudi nyuma. Ila uzi huo huo utakatika ukinyanyua mashine, kwa hiyo mashine ikishanaswa peleka kamba ya pili chini kwa mzamiaji.

Propela pekee? Nanga ya makucha inaweza kuipita mara kumi. Kwa kitu kidogo kilicholala bapa, haifai.

Mzamiaji wa pumzi

Kwa propela iliyoangukia mchanga, maji meupe, mita 3 hadi 8, hakuna kinachomshinda kijana mwenye miwani ya kuzamia. Anaiona, anaifuata, anarudi nayo mkononi. Ukimwongezea ndoo yenye kitako cha kioo au plastiki angavu, mwingine aliye juu ya mtumbwi anaweza kutazama chini bila kuingia majini na kumwelekeza, na hapo msako wa saa nzima hugeuka kuwa wa muda mfupi. Chagua asubuhi kabla ya upepo, jua likiwa limepanda kiasi. Kiangazi, kuanzia Mei hadi karibu Septemba, upepo wa kusini huamka na kuchafua uso wa maji, na wakati wa mvua mito na makorongo huleta udongo hadi hapaonekani kitu.

Lakini hapa ndipo ninapotaka wenye boti wanisikilize kwa makini, kwa sababu hapa ndipo watu wanapokufa. Kuna desturi ya kuvuta pumzi haraka haraka mara nyingi kabla ya kuzama ili mtu akae chini muda mrefu. Haimwongezei hewa ya maana. Inachofanya ni kupunguza kabonidayoksaidi mwilini, na hiyo ndiyo inayomfanya mtu ahisi hamu ya kupumua. Kwa hiyo anakaa chini bila kusikia tatizo lolote, oksijeni inaisha, na wakati anapanda, karibu kabisa na uso wa maji, fahamu zinakatika ghafla. Hapigi kelele. Hatapitapi. Walio juu wanafikiri bado anatafuta.

Kinga yake haihitaji fedha. Pumzi mbili tatu za kawaida, kisha azame. Apumzike juu angalau mara mbili ya muda aliokaa chini. Mwenzake aliye tayari majini, mwenye uwezo ule ule wa kuzama, amtazame bila kugeuza macho: mmoja chini, mmoja juu, siku zote. Masikio yakiuma na kukataa kufunguka, arudi, hakuna propela inayolipia ngoma ya sikio. Na asijifunge kamba kiunoni akaenda kati ya mawe au nyavu zilizoachwa. Kamba aishike mkononi.

Zaidi ya mita 10 mimi simtumi mtu kwa pumzi, hata akisema baba yake alikuwa anafika 20.

Kuhusu malipo nina neno. Mazoea ni "ukiileta nakupa, usipoileta hakuna". Makubaliano hayo yanamsukuma kijana azame mara moja zaidi wakati mwili umeshakataa. Mlipe kwa kazi ya asubuhi nzima, kisha ongeza zawadi akiipata. Nimesikia mzamiaji mkongwe akimwambia mwenye boti kijana, "Mwanangu, nilipe kutafuta. Kupata ni kwa Mungu." Akakubaliwa, na ndivyo inavyostahili.

Baadaye, wiki sita hadi nane baada ya kuingia kwenye maji yenye majani, apite kituo cha afya kupima kichocho. Dawa yake ipo na hutolewa kwa kipimo cha uzito.

Mzamiaji wa mtungi wa hewa

Huyu ni wa mashine iliyoko mita 10 hadi 25, au kitu cha thamani kilichoingia kati ya miamba. Anaweza kutafuta kwa utaratibu. Anashusha jiwe kwenye alama, anafunga kamba, anaishika ikiwa imenyooka na kuzunguka duara kamili, kisha anaongeza urefu kwa mita moja na kuzunguka tena. Kamba ikikwama kwenye kitu, mara nyingi ndicho kitu chenyewe. Pia anaweza kukifunga vizuri, kazi ambayo mtu wa pumzi huifanya kwa haraka na kuiharibu.

Gharama yake ni kubwa kuliko zote, kwa sababu vifaa na mtu mwenye mafunzo havipatikani kila gati, na mtungi lazima ujazwe na mashine ya hewa safi ya kupumua. Kompresa ya kujazia matairi haifai kwa hilo. Hewa yenye moshi wa mafuta huua kimya kimya. Na kile kimo cha mita 770 nilichokitaja: majedwali ya muda wa kukaa chini yametengenezwa kwa usawa wa bahari, na kuanzia mita 300 juu yake inabidi yarekebishwe. Mzamiaji aliyezoea Mafia au Zanzibar akija Kigoma na hesabu zile zile anajiweka hatarini. Akimaliza pia asipande basi la Kasulu jioni ile ile, maana barabara inapanda zaidi, wala asikimbilie ndege. Kabla ya kuruka, angoje saa 12 kama alizama mara moja, na saa 18 kama alizama mara kadhaa.

Ndani ya eneo la bandari, usishushe mzamiaji yeyote bila kuongea na ofisi ya bandari kwanza. Meli ikiwasha mashine wakati mtu yuko chini, hakuna kamba itakayomsaidia. Kwenye mialo, kikundi cha BMU, yaani cha wavuvi wanaosimamia mwalo, ndicho cha kuanza nacho. Wanawajua wazamiaji wa kweli, na wakijua kuna msako hawatashangaa kuona boti lako likizunguka usiku kucha mahali pamoja.

Kamera ya kuzamisha yenye waya nayo ipo, na kwenye maji angavu inafaa kabla ya kumlipa mzamiaji. Kipima samaki, kifaa kinachotafuta kwa mawimbi ya sauti, kitakuonyesha mashine iliyosimama juu ya tope tambarare. Kwenye mawe hakikuambii kitu.

Ukiniuliza kwa kila kisa

Propela ya alumini, mchanga, mita 5: mzamiaji wa pumzi na ndoo ya kioo, sumaku ibaki nyumbani. Propela hiyo hiyo kwenye tope la ghuba, mita 9: jaribu asubuhi moja na mzamiaji anayepapasa taratibu kwa kamba ya mduara, na ukikosa, nunua nyingine. Siandiki hivyo kwa kukata tamaa. Propela ya alumini ni spea ya kawaida, na boti linalokaa bila kwenda Kagunga au Kalya siku kadhaa linapoteza nauli za abiria na mizigo zinazoikaribia bei yake.

Nati na pini: usitafute kabisa. Boti lolote linalosafiri ziwani linapaswa kuwa na za akiba kwenye kopo lenye kifuniko.

Nanga ya chuma kwenye mchanga au tope: nanga ya makucha ikinase mnyororo, na sumaku kubwa iwe ya pili. Nanga kwenye mawe: mzamiaji, kwa sababu chochote utakachokokota kitanasa karibu yake.

Mashine ya arobaini, yaani ya nguvu za farasi 40, iliyong'oka kwenye kibao cha nyuma: kokota kwanza, ikiwa kina hakizidi mita 20 na chini si mawe. Ikishindikana, mtungi wa hewa. Ina uzito unaokaribia kilo 70 au zaidi, lakini majini hupungua kwa robo au zaidi, na unaweza kuisaidia kupanda kwa madumu. Dumu la lita 20 likijaa hewa hubeba karibu kilo 19. Matatu yaliyofungwa midomo ikitazama chini, yakajazwa hewa na mzamiaji wa mtungi kidogo kidogo, yataiinua. Usiyafunge vifuniko: hewa hutanuka inapopanda, na dumu lililofungwa litapasuka njiani na kuiachia mashine imwangukie aliye chini. Huyo aliye chini naye akae pembeni, kamwe asikae chini ya mzigo.

Kupita mita 30, kwa vifaa vya kawaida vya hapa, mimi ningeiacha hata mashine.

Ikishatoka majini

Kazi ya kuokoa mashine haijaisha ikiwa juu ya mchanga. Saa za kwanza hewani ni mbaya kuliko siku ilizokaa chini, kwa sababu chuma chenye maji kikikutana na hewa kutu huanza mara moja. Wajerumani walilijua hili mwaka 1916. Walipoizamisha meli yao Graf von Götzen karibu na mdomo wa Malagarasi ili isichukuliwe, walipaka injini zake grisi nzito kwanza. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Mashine yako haikupakwa grisi kabla ya kuzama, kwa hiyo haraka yako ni kubwa kuliko yao.

Usivute kamba ya kuwashia. Kama mashine ilizama ikiwa inazunguka, maji yameingia kwenye silinda, na maji hayabanwi kama hewa. Konirodi, yaani mkono unaounganisha pistoni na krankishafti, inaweza kuwa imepinda tayari, na ukilazimisha utaimaliza. Ioshe kwa maji safi nje na ndani ya kava. Toa plagi, ilaze matundu yakitazama chini, zungusha flaiwili, lile gurudumu zito la juu ya mashine, kwa mkono taratibu hadi maji yaishe. Ikikwama au ikigonga, acha hapo, ni ya kufunguliwa na fundi. Ikizunguka laini, mwaga mafuta ya zamani kwenye bomba na tangi, fungua kabureta uisafishe, tia oili kidogo kupitia matundu ya plagi na mdomo wa kabureta, zungusha tena, weka plagi kavu na mafuta mapya, kisha iwashe ikiwa kwenye maji na uiache ifanye kazi walau nusu saa ili joto likaushe ndani. Oili ya gia nayo imwage uitazame. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia na sili zinahitaji kubadilishwa.

Na kama fundi yuko Ujiji na hawezi kufika leo, usiiache mashine ikauke juani ikimsubiri. Irudishe ndani ya pipa la maji safi, izame yote, hadi atakapokuja na spana zake.